Nusu Yetu ya Uzio

Orrin Haugen alipiga simu saa ya chakula cha mchana, na mtu wa Dakota Kusini akikupigia saa hiyo ujue jambo limemkaba koo, maana watu wale ni radhi wafe kuliko kumwinua mtu mezani. Verlin Hruska aliinuka na kisu cha siagi mkononi, akashika simu ya ukutani, akazungumza kidogo habari za theluji inayochelewa, kisha akanyamaza. Mkewe Arlys alikuwa kwenye karo la vyombo, amempa mgongo. Hakuhitaji kugeuka. Ukimya ule ulimwambia kwamba ni habari za dume waliyemuuza.

Haugen alieleza polepole, kama mtu anayebeba yai. Alikuwa amemwita daktari kuwapima ng'ombe wake mimba, na zaidi ya nusu yao walikuwa watupu. Dume naye akapimwa, akakutwa na ule ugonjwa ambao dume huutoa kwa jike mmoja akampelekea mwingine, yeye mwenyewe akizidi kunenepa kama hana habari, huku majike wakitupa mimba zikingali changa mno hata mwenye ng'ombe asizione. Ugonjwa huo hauna mlango mwingine. Dume asiyepanda jike hana pa kuupatia. Na dume yule, waliyempa jina la Shemasi kwa uso wake wa mtu wa kiti cha mbele kanisani, aliuzwa mwezi wa Mei kwa cheti cha afya cha kuvushia mifugo mpaka wa jimbo, na chini ya cheti Verlin mwenyewe ametia sahihi kwamba mnyama huyu hajawahi kupanda.

"Simlaumu mtu," sauti ya Haugen ilisikika mpaka kwenye karo. "Nauliza tu, Verlin. Hakuwahi kutoka siku yoyote?"

"Umeliona jina langu kwenye cheti?"

"Nimeliona."

"Basi."

Verlin aliitundika simu, akarudi kukaa, akaanza kupaka siagi mkate uliokwisha kupakwa. Akasema Haugen anamwita mwongo kwa maneno ya kanisani. Akasema ng'ombe wa mtu yule ni wachafu tangu hapo, na sasa anatafuta wa kumpangusia. Arlys akajaribu kusema kwamba labda ampigie daktari wao wa mifugo, Merle Tofte, wakaongea. Verlin akamuuliza daktari wa nini, kisha akamwambia nyama imepoa.

Arlys aliirudisha nyama kwenye jiko. Alishukuru kwamba jiko liko upande ule na mumewe yuko upande huu.

Alichokijua ni hiki. Mwezi wa Aprili, Verlin akiwa hospitalini amepasuliwa mgongo, jirani yao Velda Pospisil alimpigia simu jioni moja akamwambia, kwa kicheko, "Kijana wenu amekuja kututembelea." Arlys akaenda na ndoo ya pumba. Akamkuta Shemasi katikati ya ng'ombe wa akina Pospisil, na uso wake ule ule wa kanisani. Wanawake wawili wakamrudisha nyumbani kwa ndoo, hawakusema lolote juu ya alichokuwa anafanya huko. Ndiyo adabu ya Nebraska upande ule wa vilima vya mchanga: dume la jirani likiingia kwako unapiga simu, unasaidia kulitoa, unacheka, unampa mtu kahawa, na hulitaji tena maishani, kwa sababu kesho litakuwa lako.

Tena kulikuwa na suala la uzio. Kule majirani wawili hugawana uzio mmoja. Kila mtu husimama katikati yake akamtazama mwenzake, na nusu iliyo mkono wake wa kulia ni yake, ataikarabati mpaka aingie kaburini. Nguzo zilizolala siku ile zilikuwa mkono wa kulia wa akina Hruska. Verlin alitakiwa kuupitia uzio ule na kuukagua majira ya vuli, mgongo ukamshinda, naye akasema ameupitia. Arlys hakujifunza kazi ya waya. Alizisimamisha nguzo kama alivyoweza, akaunga seng'enge kwa kamba ya rangi ya chungwa wanayofungia majani makavu, akaapa hatamwambia. Mtu anayegeuzwa na wauguzi kama mkate ili aoshwe, hakuwa na haja ya kusikia kwamba na uzio wake umelala. Wala hakuufikiria ugonjwa. Aliona anaficha aibu ya nguzo tatu tu.

Baadaye kidogo alipita tena pale, akakuta kamba imeondolewa, pamewekwa waya mpya uliokazwa vizuri. Akajua ni mzee Ladd Pospisil, mume wa Velda, maana ni mtu nadhifu. Akamshukuru moyoni.

Mwezi wa Mei, Dakta Tofte akaja kuandika cheti. Aliandikia vyeti kwenye meza ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alimwangalia Shemasi kupitia dirisha la jikoni, akasema dume zuri, akaketi. Pikapu ya Haugen ilikuwa uani na trela yake, injini inanguruma, naye mwenyewe ameshaketi mezani. Dume likiwa changa sheria inakubali neno la mwenyewe. Likishapanda, ni lazima lichukuliwe vipimo, na majibu husubiriwa karibu wiki. Tofte akauliza swali lile kama mtu anayeomba sukari.

"Bikira?"

"Kama mchungaji wetu," Verlin akasema, na mchungaji wao alikuwa na watoto sita. Wanaume wote watatu wakacheka. Verlin hakuwa amecheka tangu atoke hospitalini. Alimtazama mkewe, naye alikuwa amesimama na birika la kahawa, mdomo umefunguka tayari. Kisha Arlys akaufunga mdomo, akamjazia Haugen kikombe.

*

Alhamisi ni siku ya mnada mjini Ellery, na mgahawa wa mnadani hufurika. Wanaume hukaa meza ya mviringo dirishani. Wake zao hukaa meza ndefu karibu na mlango wa jikoni, hakuna aliyeipanga sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja. Kutoka pale Arlys alimsikia mumewe vizuri, kwa sababu Verlin alitaka asikike.

Alisema Haugen huokota mitamba kila mnada wa magharibi, hajui hata walilala wapi jana. Alisema mtu wa namna hiyo akipata hasara hutafuta mwenye jina zuri akamng'ang'anie. Mmoja akadokeza kwamba akina Haugen ni Wanorwe wasafi sana.

"Wasafi wa sebuleni," Verlin akajibu, meza nzima ikacheka.

Ladd Pospisil alikuwa mmoja wao. Ni mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa wilaya, mtu ambaye akikohoa mkutanoni watu huandika. Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, mara moja, halafu tena, huku akikoroga kahawa isiyo na sukari. Arlys alimtazama. Ladd alijua anatazamwa, na akaendelea kukoroga.

Ndipo Dakta Tofte akaingia, kofia mkononi. Hakukaa. Alisema ofisi ya mifugo ya jimbo imemwandikia. Wanataka kujua aliwekaje sahihi kwenye cheti kile. Wasiporidhika watamnyang'anya ruhusa ya kutia sahihi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Katika nchi ile kila ndama anayeuzwa anavuka mpaka, na daktari asiyeweza kumwandikia ndama cheti afadhali auze mashine za kukatia nyasi.

"Nitakuuliza mara moja, Verlin, mbele ya watu, ili nisikuulize tena," Tofte akasema. "Ulikuwa na hakika?"

"Merle, umekula kwangu miaka yote hii."

"Nimekula. Ndiyo maana nilimwangalia Shemasi kupitia dirisha tu."

Verlin aliona haya kidogo, ikageuka kuwa hasira. Akamwambia aandike kwamba Hruska amesema, na neno la Hruska halijawahi kurudishwa kutoka jimbo lolote. Wanaume wakatazama vikombe vyao. Tofte akasema kwa upole kwamba Jumamosi atakwenda kwa Haugen, na angependa waende pamoja, wakae kama watu wazima kabla ofisi haijawakalisha. Verlin akasema hata sasa hivi.

Arlys aliinuka kwenda kulipa, uso unamwaka. Mhudumu, binti aliyemfundisha shule ya Jumapili, alimshika mkono juu ya kaunta akamwambia pole, mama, tunaona wanavyomwonea mzee. Arlys akasema asante. Alisema asante, na akaipokea chenji yake, na akatoka nje akasimama nyuma ya pikapu mahali asipoonekana mpaka pumzi zikamrudia.

*

Kesho yake alikwenda kwa Velda Pospisil. Velda alikuwa anatoa kolachi, zile keki ndogo za Kicheki, kwenye oveni, zile za boga na zile za jibini, na akamkaribisha kama siku zote, akamfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Arlys hakuzunguka. Aliuliza wale ng'ombe waliokuwa malishoni mwezi wa Aprili, wakati ng'ombe wa kila mtu wananyonyesha, kwa nini wao hawakuwa na ndama.

Velda aliipanga sinia ya pili kolachi kwa kolachi. Alipomaliza ndipo akasema. Walikuwa watupu. Ladd aliwapima mwaka jana majira ya vuli, akaujua ugonjwa, akawauza wengi kimya kimya kwenda machinjioni, na hao wachache akawaacha wanenepe mpaka bei ipande. Sheria ilimtaka awaambie majirani wote anaopakana nao. Lakini mwenyekiti wa wafugaji atasimamaje mkutanoni akasema ng'ombe wake wana ugonjwa ule? Watu wangecheka mpaka leo.

"Mimi nilikupigia simu siku ile," Velda akasema. "Si kila mtu angekupigia."

"Ulinipigia nije nimchukue. Hukuniambia ninamchukua na nini."

"Na wewe ulimwambia Verlin alikuwa huku?"

Arlys akatazama sinia ya kolachi.

"Basi mwenzangu, tukae kimya," Velda akasema, na hakusema kwa ubaya. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alisema Haugen ana bima, watu wa Dakota hawakosi bima, na ofisi itamkemea Merle kidogo halafu itamwacha, na mwakani kila mtu atakuwa anazungumzia ukame. Akafunga kolachi kwenye kitambaa safi akampa aende nazo.

Arlys alizipokea, kwa sababu hakujua namna ya kutozipokea. Njiani alikula moja. Ilikuwa tamu, na utamu ule ulimwaibisha kuliko maneno yote ya Velda.

Usiku ule na asubuhi yake alitafuta pa kumwanzia mumewe. Akiwa anakunja nguo alikaribia, Verlin akawasha redio kusikiliza bei za ndama. Akiwa anamfunga kamba za viatu, maana tangu upasuaji Verlin hakuweza kuinama wala kugeuza kiwiliwili, alikaribia tena. Alitazama utosi wa mumewe ulivyopukutika nywele, akafunga fundo la kiatu mara mbili.

*

Walikwenda watatu katika kiti kimoja cha pikapu. Verlin aliendesha, Arlys akabanwa katikati, na Dakta Tofte akakaa mlangoni. Kule anayekaa mlangoni ndiye anayeshuka kufungua mageti, hata awe nani. Kwa Haugen kulikuwa na mageti matatu, na mzee yule na magoti yake mabovu alishuka yote matatu, akakataa Arlys ampishe. Kila aliporudi kitini alihema, na kila alipohema Arlys aliona anadaiwa yeye pumzi ile.

Sunniva Haugen alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Aliandaa nyama ya nguruwe, viazi, na ile mikate yao myembamba ya viazi yenye siagi na sukari. Huko mtu haulizwi juu ya dume kabla hajala, basi wakala. Haugen alitaja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba binti yake na mkwewe walikuwa warudi shambani mwaka huu, kwa sababu ndama wangetosha nyumba mbili. Sasa mkwe amepata kazi ya kupakia nafaka mjini. Si kazi mbaya, alisema.

Verlin alipangusa mdomo. Akaanza ile hotuba yake ya mnadani, ila safari hii kwa adabu: kwamba mtu akinunua mitamba huku na huku, bila kujua inatoka wapi, si ajabu siku moja akaleta kitu nyumbani.

Haugen alimsikiliza mpaka mwisho. "Sijanunua ng'ombe jike tangu baba afe," akasema. "Wote wamezaliwa hapa. Kitu pekee nilichokiingiza kwenye shamba hili ni dume lako."

"Sawa, lakini mtu anaweza kusema—"

"Nyamaza, Verlin," Arlys akasema.

Hajawahi kumwambia hivyo, si mbele ya watu wala wakiwa peke yao. Arlys aliweka uma mezani, akaweka mikono yake kila upande wa sahani, akasema yote. Alisema dume lilitoka, likashinda na ng'ombe wa watu tangu alfajiri hadi jioni. Alisema ni yeye aliyelirudisha kwa ndoo. Alisema kuhusu kamba. Alisema siku ya cheti alikuwa amesimama hapo na birika, akalisikia swali, na jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Ng'ombe wa nani?" Haugen akauliza.

"Wa jirani."

"Jirani yupi?"

Arlys akatikisa kichwa. "Nusu ya uzio iliyolala ilikuwa yetu."

Dakta Tofte alifumba macho. Anawajua majirani wote na malisho yao yote. Hakuwa na haja ya jina. Haugen aligeuza kiti, si upande wa Arlys, bali upande wa Verlin.

"Kwa hiyo wewe hukujua," akasema.

Verlin alitazama kikombe chake.

"Sikujua," akasema.

Hapo chumba kizima kikalegea. Haugen aliinuka akampa mkono juu ya sahani za watu, akamwambia alimdhania vibaya na anaomba radhi. Verlin aliupokea mkono. Tofte alivuta pumzi ndefu, akasema Jumatatu ataiandikia ofisi, aseme mwenye dume alitia sahihi kwa nia njema, alifichwa na watu wa nyumbani mwake. Hiyo itasaidia wote, na kuhusu hasara watakaa tena. Akampiga Verlin begani taratibu, kwa kuchunga mgongo.

Sunniva alileta birika. Alimjazia mumewe, akamjazia daktari, akamjazia Verlin mpaka ukingoni. Kikombe cha Arlys alikipita. Hakukipita kwa ghadhabu. Alikipita tu, kama kiti kisicho na mtu. Arlys alikitazama kikombe chake kitupu akaona ni haki.

*

Kurudi, wanaume wawili walizungumza juu ya kichwa chake. Walizungumza nyasi, wakazungumza bei ya majani makavu. Verlin alijibu kwa maneno mafupi. Mjini Ellery, Tofte aliposhuka mlangoni kwake, aliuinamia mlango wa pikapu.

"Usiku mwema, Bi. Hruska," akasema.

Alikuwa akimwita Arlys tangu wote wawili wakiwa vijana. Arlys alisogea mlangoni, mahali pa Tofte palipokuwa pangali na joto, akatazama nje kwa dirisha lake. Alilia kidogo bila sauti, na hakujifuta ili asionekane anajifuta. Aliwaza angalau limekwisha. Ameshalisema, limetoka, na jina la Verlin limebaki zima. Atakachobeba atabeba yeye, naye anastahili.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima walipofika geti la shamba lao. Verlin alisimamisha pikapu. Arlys akashika kitasa cha mlango.

"Ile kamba," Verlin akasema.

"Kamba gani?"

"Ya rangi ya chungwa. Niliikata mimi. Nikaweka waya, kidogo kidogo, nimesimama wima."

Arlys alibaki na mkono kwenye kitasa. "Nilidhani ni Ladd."

"Ladd hagusi nusu ya mtu."

"Lini?"

Verlin aliushika usukani kwa mikono miwili kama vile gari linakwenda. "Wiki ile niliyorudi. Daktari aliniambia nitembee, nikatembea hadi uzioni. Kulikuwa na manyoya ya Shemasi kwenye miiba, upande wa akina Pospisil. Nikajua ni fundo lako, unavyofunga viatu. Nilikaa pale mpaka mgongo ukaniuma. Nikajiambia, Arlys akisema, nitampima dume. Asiposema, basi hakuna cha kusema."

"Ulinitazama," Arlys akasema. "Siku ya cheti. Ulicheka ukanitazama."

"Nilikuwa nakungoja."

Alikumbuka jicho lile. Miezi yote hii alilihesabu kuwa jicho la furaha, na ndilo lililomfunga mdomo. Sasa alipoliwaza upya aliona baridi inamtambaa mikononi. Kumbe walikuwa wamesimama wawili wakiliangalia dume lile likipanda trela, kila mmoja amemwachia mwenzake kusema. Na mnadani Verlin alisema yale aliyosema juu ya Haugen akijua. Na leo.

"Umempa Haugen mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini, Verlin?"

Verlin alitafuta jibu zuri, ikaonekana anavyolitafuta, akalikosa. "Walikuwa wameshaniamini," akasema.

Pikapu ilinguruma pale pale. Ng'ombe wachache walikuja mpaka getini wakidhani wameletewa majani, wakasimama kuwatazama.

"Jumatatu Merle ataandika," Arlys akasema. "Ataandika tena kwa neno lako."

"Fungua geti, mke wangu. Tuingie, tutazungumza ndani."

Arlys aliondoa mkono kwenye kitasa. Akaiweka mikono yote miwili mapajani, mmoja juu ya mwingine, akatazama mbele. Alikuwa amefungua geti lile kwenye theluji na akiwa mjamzito, amelifungua wakitoka kumzika baba mkwe, hajawahi hata siku moja kusubiri aambiwe. Verlin alingoja. Angeweza kushuka mwenyewe. Mgongo ungemruhusu, polepole. Hakushuka. Alifungua mdomo akaufunga, na masikio yake yakawa mekundu kama ya mvulana. Aliona haya hadi akashindwa kumtazama mke aliyemtazama kila siku ya maisha yake.

"Tunaanzia kwa nani?" akauliza mwishowe.

"Kwa Merle. Kisha turudi kwa Haugen."

"Itakuwa giza."

"Iwe."

"Na mnadani?"

"Alhamisi. Utasimama pale pale ulipokaa."

Verlin alitia gia ya kurudi nyuma. Barabara pale ni nyembamba, ina mitaro pande zote mbili, na tangu upasuaji hakuweza kugeuka kuona anakokwenda. Alikaa wima, macho yake kwenye geti lililofungwa, akisubiri. Arlys akageuka kitini, akaweka mkono nyuma ya mabega ya mumewe, akatazama kwa dirisha la nyuma.

"Rudi," akasema. "Rudi. Bado. Rudi tena."